Vidonge vinne vya kukatiwa kwa mkasi si kinga ya mtoto

Kwa Mhariri,

Assalaam aleikum na pole na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake jambo hili limenikaa moyoni tangu ile voisi ianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu Lamu, ile ya bwana asemaye watoto wa zamani hawakuchanjwa na walikua wazima, na kwamba mtoto akiugua mwenyewe ndipo mwili wake hupata nguvu, na mambo yakizidi basi antibayotiki zi tele madukani, mpe dozi yatakwisha. Nimeisikia ikichezwa jikoni, nimeisikia kwenye boti ya kwenda Mokowe, na juzi mama mmoja kijana kaniambia ndio maana hakumrudisha mwanawe kliniki. Mie ni mhudumu wa afya wa jamii, hupita nyumba kwa nyumba hapa Langoni na mitaa ya jirani. Si daktari, lakini haya nimefundishwa, nimeyasoma na nayaona kwa macho yangu, siwezi kunyamaza.

Nianze na lile ambalo bwana yule kalisema sawa, manake si yote ni uongo. Kweli mtu akiugua akapona mwili hubaki na kinga, na sie watu wa Lamu ushahidi tunao ndani ya damu zetu wenyewe. Nani amesahau chikungunya ya 2004? Mwaka ule ulikuwa wa ukame, watu wakaweka maji kwenye mapipa na madebe, mbu wakazaana humo, na mji mzima ukalala. Watu wazima walikuwa wakishika ukuta kwenda msalani, viungo vimefura, wengine maumivu ya vidole na magoti yaliwaganda miezi na miezi. Mwezi wa kumi mwaka huo huo watafiti walipima damu za watu wa kisiwani wakakuta kama watu 75 katika kila 100 wana kingamwili za kirusi kile. Robo tatu ya mji! Na homa yenyewe haikuishia hapa, ilishuka Mombasa, mwaka wa pili ikawa Comoro na Réunion.

Sasa hizo kingamwili ni nini. Ni protini ndogo sana zinazotengenezwa na chembe nyeupe za damu, na kila aina imeundwa kushika kijidudu kimoja tu, ya surua haijui chikungunya na ya chikungunya haijui surua. Kijidudu kikiingia mara ya kwanza mwili huanza na ulinzi wa jumla, ngozi, makamasi, homa, zile chembe zinazomeza chochote kigeni, lakini kutengeneza kingamwili zenyewe za kutosha huchukua siku nyingi, yaweza kufika wiki mbili, na ni katika siku hizo ugonjwa hukupiga unavyotaka. Ukipona, baadhi ya chembe hubaki miaka na kumbukumbu ya adui yule, akirudi hazianzi kujifunza upya, ni kama nahodha aliyekwisha kuupitia mkondo ule na kuujua mwamba uko wapi. Basi hio kumbukumbu ndio kinga. Chanjo haileti kitu kingine chochote isipokuwa hio hio kumbukumbu, ila huileta bila ya kukulaza, kwa kuuonyesha mwili kijidudu kilokufa, au kilodhoofishwa, au kipande chake tu.

Kwa hivyo swali si kama kuugua huleta kinga. Swali ni bei. Kinga ya 2004 tuliilipia kwa magoti yetu, na watoto walozaliwa baada ya hapo hawanayo hata kidogo, homa ile ikirudi itawakuta wao weupe kabisa.

Na surua bei yake ni kali zaidi. Mtoto mmoja mwenye surua akiingia mahali ambapo hakuna alochanjwa aweza kuambukiza watu 12 mpaka 18, hakuna ugonjwa unaoenea hivyo kwa urahisi, hupita kwa hewa tu, chumba atakachokaa mgonjwa hubaki na virusi kama saa mbili baada ya yeye kutoka. Wengine hupata nimonia, wengine hupofuka, wengine hufa. Na kuna jambo watu wengi hawalijui, nalo ndilo lilonifanya nishike kalamu: utafiti ulotoka 2019 ulionyesha kwamba surua hufuta kumbukumbu za kinga za magonjwa mengine. Watoto walopimwa damu kabla na baada ya kuugua walikuwa wamepoteza kuanzia asilimia 11 mpaka asilimia 73 ya kingamwili walizokuwa nazo. Yaani mtoto amekohoa, ameharisha, amepigana na vijidudu miaka yake yote ya utotoni akajijengea akiba, surua inapita wiki moja na kuichoma sehemu ya akiba ile, wengine sehemu kubwa. Halafu mtu aniambie surua humpa mtoto nguvu! Humwacha mtupu miezi mingi, kila kinachopita kinamkamata.

Wamama huniuliza mbona basi hii chanjo ya surua tungojee miezi 9, si tumdunge siku moja na zile nyingine. Swali zuri sana hili. Mtoto anapozaliwa huja na kingamwili za mamake zilopita kwenye kondo la nyuma, na maziwa ya mama humuongezea nyingine za kulinda koo na matumbo. Zile za mama zikiwa bado nyingi kwenye damu huishika chanjo na kuiondoa kabla mwili wa mtoto haujajifunza kitu, kwa hivyo hungojewa zipungue. Lakini ukingoja mno zinakuwa zimekwisha na mtoto hana chochote, ndio ikachaguliwa miezi 9. Na hata hapo si kila mtoto mwili wake hushika somo mara ya kwanza, ndio ipo dozi ya pili ya miezi 18, ambayo huku kwetu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, manake mtoto ashaanza kukimbia, mama aona amekua, kliniki ya nini tena.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ile hoja ya kuugua upate kinga haisimami nao hata dakika moja, nao ni pepopunda. Mji wetu ni mji wa punda, wabeba mawe, mchanga, maji, kila kitu, na samadi yao iko kila ujia. Mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na kwenye samadi ya wanyama miaka mingi bila kufa, zangojea kidonda tu. Mtoto akanyaga msumari, fundi ajikata na bati, kitovu cha mtoto mchanga kimekatwa kwa wembe usochemshwa, mbegu zaingia, na ndani ya kidonda kilojifunga zaanza kutoa sumu. Sumu ile ni kali kiasi kwamba kipimo kinachoweza kumuua mtu ni kidogo mno, hakitoshi kwa mwili kujifunza. Ndio maana alougua pepopunda akapona hana kinga, aweza kuugua tena, na hospitali humchanja baada ya kupona! Tena ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hivyo hata mtaa mzima ukichanjwa ukabaki wewe peke yako, uko peke yako kweli. Na antibayotiki je? Zaweza kuua bakteria walioko kwenye kidonda lakini sumu iloshika mishipa ya fahamu haziigusi, taya likishafunga vidonge vya dukani havilifungui. Anayeweza kumlinda mtoto mchanga ni mamake kwa kuchanjwa akiwa na mimba, kingamwili zikapita kwake, na ndio maana kliniki ya wajawazito hawakuachi uondoke bila ile sindano.

Bwana wa voisi kataja watoto wa zamani. Watoto wa zamani anaowaona ni wale walobaki. Nendeni mkawaulize mabibi zetu walizaa wangapi na wakalea wangapi, na mkae muwasikilize mpaka mwisho.

Na ndui je, mbona hakuitaja? Vijana hawaijui kwa sababu haiko. Al-Razi, yule tabibu Muislamu wa Uajemi, zaidi ya miaka 1,000 ilopita ndiye aliyeandika wazi kuwa ndui na surua ni maradhi mawili mbalimbali, lakini dawa ya kuiponya ndui hakuwa nayo, ugonjwa uliomalizwa ni kwa chanjo. Edward Jenner alichanja mtoto kwa ndui ya ng'ombe Uingereza 1796, na mtu wa mwisho duniani kuipata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa hapa hapa jirani, Merca, Somalia, mwezi wa kumi 1977, kijana mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin. Alikuwa akifanya kazi hospitalini lakini sindano aliiogopa, alidhani itamuuma, akaikwepa. Alipona, alhamdulillahi, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza ndui imekwisha. Kijana yule alipokuwa mtu mzima alijitolea kwenye kampeni za polio, akizunguka kuwaambia wazazi wasifanye kama yeye, na alifariki 2013 kwa malaria akiwa bado kwenye kazi hio, mwaka ambao polio ilirudi Somalia ikavuka mpaka ikaingia kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Mwenyezi Mungu amrehemu. Kutoka Dadaab mpaka kwetu si mbali jamani.

Sasa nije kwenye hizi antibayotiki ambazo watu wazifanya ndio kinga. Dawa hizi mie naziheshimu sana, bila yazo wamama wangapi wangekufa kwa homa ya uzazi, watoto wangapi kwa nimonia na homa ya uti wa mgongo. Penisilini aliigundua Alexander Fleming London 1928, na inavyofanya kazi ni hivi: bakteria ana ukuta unaomzunguka, dawa humzuia asiujenge, akikua ukuta wampasukia akafa, na chembe zetu sie hazina ukuta wa namna ile kwa hivyo hazidhuriki. Kirusi hakina ukuta huo. Kirusi huingia ndani ya chembe yako na kutumia vyombo vyako mwenyewe kujizidisha, kwa hivyo amoksilini haina pa kukishika. Mafua ni kirusi, surua ni kirusi, denge na chikungunya ni virusi, kuharisha kwingi kwa watoto ni virusi. Lakini ile 2004 watu walimeza vidonge vya kila rangi, na leo mtoto akipiga chafya tatu tu mtu yuko mlangoni mwa duka la dawa.

Na anachouziwa! Vidonge vinne, vimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, kwa sababu pesa alizonazo ni hizo. Sheria ya Kenya yasema antibayotiki huuzwa kwa cheti cha daktari, lakini kuna maduka nimesimama nikaona haulizwi mtu hata umri wa mtoto. Simlaumu mama mwenye shilingi 50 mkononi na mtoto ana homa usiku. Namlaumu anayejua na bado anakata.

Nieleze kwa nini inaniuma. Ndani ya mtu mgonjwa kuna mamilioni kwa mamilioni ya bakteria na hawako sawa, kuna wachache ambao kwa bahati ya maumbile yao dawa yawapa tabu kuwaua, wengine wana kimeng'enya kinachoivunja penisilini isifanye kazi. Ukimeza kidogo ukaacha, umeua wale dhaifu na kuwaachia nafasi na chakula wale wagumu, nao wanazaa, tena bakteria wana uwezo wa kupeana ile siri, hata aina moja kwa aina nyingine. Na kila unapomeza bila haja, kwa mafua tu, bakteria wasio na hatia walioko tumboni mwako wanapata mazoezi hayo hayo. Fleming mwenyewe alipopokea Tuzo ya Nobel 1945 alionya kuwa itakuja siku penisilini itauzwa dukani kwa yeyote, na mtu asiyejua atameza kidogo mno na kuwafunza vijidudu vyake ukaidi. Miaka 80 sasa! Kisonono siku hizi penisilini haikiwezi tena, taifodi nyingi hapa Kenya zimeshazishinda dawa za zamani, na hesabu ilofanywa ya mwaka 2019 ilikadiria kuwa watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria sugu. Ukilinganisha na idadi ya watu, vilizidi Afrika yetu hii kusini mwa Sahara, ambako dawa ya kwanza ikikataa ya pili yataka pesa na ya tatu haipo.

Tena antibayotiki haimalizi kazi peke yake, watu wasidanganyike. Yenyewe hupunguza bakteria, wanaosafisha waliobaki ni chembe zako za kinga. Mwaka 1941 polisi mmoja wa Oxford, Albert Alexander, ndiye alokuwa miongoni mwa wa mwanzo kudungwa penisilini, usaha ulikuwa umemjaa usoni na kwenye mapafu. Ndani ya siku chache alikaa akala chakula. Dawa ilikuwa haba hata wakawa wanaichuja kutoka kwenye mkojo wake wamrudishie, ikaisha kabla bakteria hawajaisha, ugonjwa ukarudi na akafa. Kwa hivyo siku alizoandika daktari ni hizo, si pungufu kwa sababu umepata nafuu, na wala usiongeze kwa kubahatisha.

Wako watakaosema hizo ni habari za Ulaya. Haya basi, Kilifi, kwa majirani zetu. Chanjo ya nimonia ile waiitayo PCV ilianza kutolewa Kenya 2011, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi walikuwa wakihesabu wagonjwa kabla na baada. Ugonjwa mkali unaoletwa na zile aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo ulishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Na hata wasochanjwa walipata nafuu, watoto wachanga wasofika umri, na watu wazima, kwa sababu mtoto alochanjwa habebi tena bakteria wale puani mwake akawapelekea babu na bibi. Mtoto asiyeugua nimonia hahitaji antibayotiki, na bakteria ambaye hakukutana na dawa hajifunzi kuishinda. Haya mambo mawili yameshikana, ukiacha chanjo ukitegemea vidonge, vidonge vyenyewe unaviua kwa sababu utavitumia mara nyingi zaidi.

Wazazi nao nisiwasemee vibaya. Wengi wanaoacha si kwa ubishi. Mtoto akichomwa hupata homa usiku, mama aogopa, na hakuna alomwambia kuwa joto lile ni mwili unajifunza na mara nyingi hupoa siku moja mbili. Na kuna jambo moja la vituo vyetu ambalo lazima lisemwe. Kichupa cha chanjo ya surua kina dozi 10, ya BCG, ile ya kifua kikuu, 20, na kikishachanganywa ni lazima kitupwe ndani ya saa 6. Kwa hivyo kuna mahali, kituo sikitaji, mama hutoka visiwani na mtoto mgongoni, amelipa nauli ya boti, akifika aambiwa leo mko wawili tu hatufungui kichupa, rudi siku ya wengi. Anarudi kwao. Haji tena. Najua wauguzi wanaogopa kuulizwa dozi zilotupwa zimekwenda wapi, na wenyewe hupanda boti na jua lile wakiwa na boksi la barafu mapajani kuhakikisha chanjo haizidi nyuzi 8, nawaombea kheri. Lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe lasema kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, manake dozi tisa zikimwagwa zina hasara ndogo kuliko mtoto mmoja aloondoka bila kinga.

Ombi langu kwa wanaohusika na afya ni kwamba wauguzi waandikiwe wazi kuwa hawataulizwa kwa kufungua kichupa, na siku za chanjo za Faza, Siyu, Kizingitini na Kiwayu zitangazwe misikitini na redioni wiki moja kabla, pamoja na saa ya boti. Kwa wenye maduka ya dawa, naomba mkasi ule uwekwe chini na mama mwenye mtoto wa homa aambiwe aende kwanza akapimwe. Na kwa msomaji mwenye mtoto mdogo, fungua kile kijitabu cha kliniki utazame mahali pa surua kama kuna tarehe mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18. Ikiwa ni moja, hata kama mtoto ashapita umri huo, mpeleke na kijitabu chake, kwenye vituo vya serikali ni bure, na ukiambiwa urudi siku nyingine uliza ni siku gani na uandikiwe hapo hapo.

Wako,
Mama wa Langoni,
Lamu